Mama, Sisi Si Bashi

Kwako Mama yangu mpendwa, uliyelazwa Juru, mwisho wa shamba letu la mihogo,

Nakuamkia kwa heshima inayokustahili. Nimeona ni vema nikujulishe jambo hili kwa maandishi, kwanza kwa sababu lenyewe ni jambo la maandishi, na pili kwa sababu ulipokuwa hai hukuwahi kuniruhusu nilitamke. Nimevunja amri yako. Barua hii naiacha wazi, aisome yeyote atakaye, kwa kuwa neno ninalolisahihisha lilisemwa mbele ya karani na halistahili kusahihishwa kwa minong'ono.

Tangu mwaka 2001 kadi ya familia yetu imesema kwamba sisi ni Bashi. Mama, sisi si Bashi. Sisi ni Batwa. Najua Kiswahili sanifu kingenitaka niandike Washi na Watwa, lakini makaratasi yamekwisha kuandika Bashi na Batwa, na shauri langu ni na makaratasi.

Unaikumbuka foleni ya Kabazana, pale wakimbizi tulipopokelewa Uganda? Tulikuwa tumefika na vumbi la njia nzima, na Baba tulikuwa tumemwacha katika udongo wa Kabare, kule Kongo. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, mwanamume mzima, nawe ulinishika kiwiko kama mtoto anayevushwa barabara.

"Bakikuuliza kabila, sema Mushi," uliniambia.

"Lakini Mama, sisi..."

"Nyamaza! Mushi banamupatia sahani kama batu bengine. Mutwa banamumwangia mu mikono. Ukisema ingine, nitakukana hapa hapa, mbele ya batu yote. Nitasema huyu kijana simujue."

Karani alikuwa dada mmoja wa Kiganda, mpole, mwenye kalamu sikioni na nyingine mkononi. Alikuuliza jina, umri, watoto, ugonjwa. Kisha, akikuita bibi kwa Kiganda, akauliza, "Na kabila gani, nyabo?"

"Tuko Bashi, mutoto yangu."

"Bashi? Hiyo naandika namna gani?"

"Andika tu vile unasikia."

Akaandika vile alivyosikia. Sikuona aibu usoni pako. Niliona mtu aliyetua mzigo wa kuni. Ulipokea karatasi ile kwa mikono miwili, ukaikunja mara nne, ukaifunga kwenye pindo la kitenge, nasi tukaenda kulala chini ya turubai tukiwa Bashi.

Kwa haki ya ukweli nieleze kwamba uongo huo hukuuanza wewe. Wewe mwenyewe ulinisimulia habari za kile kijitabu cha Babu cha enzi za Wabelgiji, ambacho kila mwanamume alilazimika kutembea nacho. Palipotakiwa kabila, mwandishi alimuuliza Babu anaishi kwenye ardhi ya mtawala gani, Mwami gani, na jina la watu wa Mwami huyo ndilo lililoandikwa. Babu hakuwa na Mwami. Alikuwa na msitu, na msitu haukuwa na nafasi katika kijitabu. Baadaye msitu nao ukafanywa hifadhi, watu wetu wakatolewa, nao walipotolewa hapakuwa na karatasi hata moja iliyosema kwamba waliwahi kuwamo. Kwa hiyo pale Kabazana ulirudia tu kile ambacho serikali moja ilikuwa imekwisha kukiandika kabla hujazaliwa.

Lakini ulilipa, Mama. Nilikuona ukilipa. Juma la kwanza tulipopewa kiwanja Juru, tulishuka ziwani kuchota maji, ukachutama ukingoni, ukachukua tonge la udongo wa kijivu, ukaufikicha, ukauonja kwa ncha ya ulimi. Uso wako ulichangamka kama wa msichana. "Huu muzuri," ulisema. "Huu hata moto haiwezi kuupasua." Kisha ukakumbuka kwamba kwetu kila mtu anajua ni nani wanaofinyanga vyungu. Ukatupa tonge lile majini, ukanawa mpaka kwenye kiwiko. Miaka tisa uliyoishi hapa kambini Nakivale hukugusa udongo tena isipokuwa kwa jembe. Tulipikia sufuria za bati zilizotoboka, ilhali nyumba nzima ingejaa vyungu vyako.

Kulikuwa na jambo moja, hata hivyo, ambalo hukuweza kulificha, nami kwa ujinga wangu sikulitambua. Ulipokwenda kwa jirani ukakaribishwa uji au maji, hukupokea kikombe. Ulikinga viganja vyako viwili, ukavishikanisha, ukangoja kumiminiwa. Mama Nsimire, jirani yetu, Mushi halisi wa upande wa Walungu, alikuwa akikusukumia kikombe kifuani: "Shika bwana, Mama, unataka nikunyweshe kama ndama?" Nawe ulicheka ukasema ni heshima ya kwenu. Nami nikaamini ni heshima. Niliwahi hata kuwasifia watu adabu yako.

Ilipokuja sensa ya mwaka 2002, mwalimu mmoja kutoka upande wa Endiinzi alipita nyumba kwa nyumba na karatasi zake ndefu. Nakumbuka ulivyokaa wima kwenye kigoda, jibu la Kabazana likiwa tayari mdomoni. Aliuliza umri, dini, kusoma, choo. Akauliza tumetoka wapi. Ukajibu Kongo. Akaandika, akapindua ukurasa.

"Na kabila?" ulimuuliza wewe, Mama. Hukuweza kuvumilia.

"Kabila ni ya watu wa hapa, nyabo. Nyinyi wageni, nchi imetosha."

Siku ile ulicheka hadi ukajifuta machozi kwa kitenge. "Leo nimepumuzika," uliniambia. "Leo niko paka Mukongomani, Mukongomani tu. Bangekuwa banatuhesabu hivi kila siku!" Sijawahi kukuona mwepesi namna ile, kabla yake wala baada yake.

Miaka hiyo ndiyo niliyoanza kwenda Mbarara kuuza maharage, na huko ndiko nilikopata hiki Kiswahili ambacho wewe ulikiita Kiswahili cha kuvaa tai. Unamkumbuka Bwana Idrisa mwenye duka la vitambaa, uliyemwona mara moja ukasema ndevu zake ni nyeupe kuliko shuka anazouza. Baba yake alitoka pwani ya Tanganyika, yeye akazaliwa Mbarara. Siku ya kwanza nilimwambia natafuta "fasi ya kuweka mizigo". Alivua miwani. "Bwana mdogo, fasi ni kitu gani? Sema mahali. Mahali! Lugha ina adabu zake." Nilikasirika, kisha nikarudi juma lililofuata, na lililofuata. Akaniazima kamusi iliyokosa jalada. Nikaisoma kama watu wanavyosoma Zaburi. Baada ya miaka miwili watu wa Juru walikuwa wakinijia niwaandikie maombi: ya kiwanja, ya shule, ya kuunganishwa na jamaa. Sikuwahi kukosea upatanisho wa sarufi, na naomba jambo hilo liingie katika kumbukumbu.

Bwana Idrisa ndiye aliyenifungua macho kuhusu orodha. Nilimuuliza yeye ni kabila gani, akapiga meza kwa kicheko.

"Mimi? Baba aliniambia nilipozaliwa Mzungu alituandika Waarabu, kwa sababu ya kanzu. Nilipooa, tukawa Waswahili. Sasa nimezeeka, wamenitia kwenye Wengineyo. Nimebadilishwa kabila mara tatu, bwana mdogo, na sijahama nyumba!"

"Na wewe unajiita nani?"

"Mimi najiita Idrisa. Lakini tazama vizuri. Wao walinibadilisha, mimi sikujibadilisha. Anayejibadilisha mwenyewe ndiye anayelala vibaya."

Niliinuka, nikabeba gunia langu. Alidhani nimechoka na hadithi zake.

Ulifariki mwaka 2010, katika msimu wa mvua. Karatasi ya mazishi ilitakiwa ijazwe, nami nikaijaza kwa mkono huu: jina lako, umri wako wa kukadiria, kabila Mushi. Esperansi mke wangu, ambaye ni Mufuliru na alijua habari zetu tangu kabla ya ndoa, alisimama nyuma yangu akisoma. Nilikuwa nimemfunga mdomo kama ulivyonifunga mimi.

Sasa nije kwenye sensa ya mwaka 2014. Kijana aliyekuja safari hii alikuwa na kitabu chenye orodha ndefu ya makabila, iliyopigwa chapa. Alipoinama kumwongoza Esperansi kwenye swali, kitabu kilibaki wazi mbele yangu. Mama, nililiona jina letu. Batwa. Limepigwa chapa, lina namba yake, katikati ya majina mengine, halikuwa dogo kuliko jina lolote lililokuwa juu yake wala chini yake. Nililiwekea kidole.

"Hawa mnawaandika?"

"Batwa? Eeh. Hao ni ba huku, ba Kisoro na wapi na wapi. Kwani wewe unajua Mutwa, mzee?"

"Hapana," nikasema. "Nimeuliza tu."

Nikaandikwa Kongo. Karani wa sensa hana lawama, alifuata utaratibu wake. Lawama ni yangu. Jina lilikuwa chini ya kidole changu nami nikasema silijui.

Ningeendelea kunyamaza mpaka nije nilazwe kando yako, kama si mjukuu wako Riziki. Hukumwona akikua, ulipofariki alikuwa na miaka saba tu. Sasa ana kumi na miwili, ana mdomo mwepesi kama wako. Mapema mwaka huu wa 2015 familia mpya ilipewa kiwanja nyuma yetu, mtu mmoja aitwaye Mirindi na binti yake. Kila mtu alijua ni Batwa kwa sababu Mirindi mwenyewe alisema hivyo alipofika, tena kwa sauti. Siku moja mchana nilikuwa narudi kutoka shambani nikapita bombani. Wasichana walikuwa wakinywa kwa kikombe kimoja cha plastiki, kinapita mkono kwa mkono. Binti wa Mirindi alikuwa amesimama pembeni na jerikani yake.

Riziki alijaza kikombe, akamsogelea, akasema, "Wewe kinga."

Mtoto yule hakushangaa. Aliweka jerikani chini, akashikanisha viganja vyake, akangoja. Na Riziki akamimina kutoka juu, kikombe kisiguse, wenzake wakicheka: "Mwagia Mutwa! Mwagia!"

Vilikuwa viganja vyako, Mama. Vidole gumba vimekunjwa ndani, viwiko vimebanwa mbavuni, shingo imeinama. Nilisimama barabarani na jembe begani, nikayaelewa yote mara moja: ile haikuwa heshima ya kwetu. Tangu utotoni ulifundishwa kwamba mdomo wako unanajisi kikombe, na hata ulipopata karatasi iliyosema Mushi, mikono yako haikuisoma karatasi ile. Ulidanganya ili sisi tusikinge viganja. Na sasa mjukuu wako, damu yako, ndiye aliyekuwa akimimina.

Jioni nilimketisha Riziki na kumweleza kila kitu. Alinitazama kama ninayemtania.

"Papa, unasema kwamba sisi ni bale?"

"Ni sisi."

"Na Nyanya?"

"Nyanya zaidi ya wote."

Kisha akauliza swali ambalo wakili wa Kampala asingeliuliza vizuri zaidi: "Sasa mbona kwenye karte iko Mushi? Kama ni muzuri kuwa Mutwa, mbona mulificha?"

Nikachukua kalamu.

Hapa ndipo ninapopaswa kuungama kosa langu, na nakuomba unisikilize hadi mwisho. Niliandika ombi kwa ofisi inayoshughulika na kadi, nisiyoitaja kwa jina. Niliandika kurasa tatu, bila kufuta hata neno moja. Nilitaka neno zito la kueleza ulichofanya Kabazana. "Kudanganya" niliona ni neno la sokoni. Nikapekua kamusi ya Bwana Idrisa, nikapata "ghushi". Kamusi ilieleza kwamba ni kutia kitu kibaya katika kizuri, kama mtu atiavyo maji kwenye maziwa. Nikafurahi. Wachuuzi wa maziwa wa Endiinzi wanatia maji kila siku na hakuna anayefungwa. Basi nikaandika kwa mwandiko wangu bora kabisa: "Marehemu mama yangu alighushi kabila la familia."

Mkalimani wa ofisi, kijana wa Bukavu, alisoma sentensi hiyo mara mbili.

"Papa, hii neno ni yako mwenyewe?"

"Ni Kiswahili sanifu," nikamjibu kwa fahari.

Akaifasiri kwa Kiingereza kwa ofisa. Nikaona uso wa ofisa ukikunjamana. Alinigeuzia kompyuta.

"Ssebo, wewe mwenyewe nasema mama nafanya forji ya karatasi. Hiyo ni kesi. Na hii ingine: Mutwa hapa iko, lakini ni Mutwa ya Uganda. Nikibonyeza, wewe nakuwa mtu ya Kisoro. Mtu ya Kisoro nataka kadi ya mkimbizi ya nini?"

"Mimi ni Mutwa wa Kongo, mheshimiwa."

"Mutwa ya Kongo kompyuta haina. Iko Kongo, ama iko Mutwa. Chagua moja."

Kadi yetu ikazuiwa hadi uchunguzi uishe. Miezi miwili mgao ulipita, majirani wakibeba posho na maharage, sisi tukila mihogo ya shamba unalolala. Neno moja la fahari yangu lilikuwa limekufanya mhalifu ukiwa kaburini na limewalaza wajukuu wako njaa. Esperansi hakunigombeza, ila aliniambia, "Papa Riziki, rudisha ile neno. Sema ulikosea, tuko Bashi, bitaisha." Na kweli ingekwisha. Karatasi moja ingetosha kuturudisha kwenye foleni ya chakula. Nilikaa nayo mezani siku nzima, nyeupe. Sikuiandika.

Nilikwenda Mbarara badala yake. Bwana Idrisa alisoma nakala ya ombi langu, akashika kichwa.

"Ghushi! Ewe mtu! Nani amekwambia ulitie neno hilo kwenye barua ya serikali? Kamusi inakupa maana ya neno, haikupi adabu zake." Akatafuta kalamu. "Mama yako alikuwa anaogopa?"

"Aliogopa maisha yake yote."

"Basi hakughushi. Alijisitiri. Mtu akivuliwa nguo njiani akaokota gunia akajifunika, utasema ameghushi nguo? Na wewe huombi kubadilisha kabila. Unaomba kusahihisha kumbukumbu. Andika."

Nikaandika. Ofisi ilipopokea ombi la pili ilitaka mashahidi wawili: mmoja Mutwa kutoka Kongo atakayetambua asili yetu, na mmoja aliyekufahamu wewe.

Nilikwenda kwa Mirindi. Alikuwa anachonga mpini wa jembe, hakusimama.

"Aa, Mushi wa miaka kumi na mine amekuja! Leo nikumwangie maji wapi, bwana mukubwa? Mu kikombe ama mu mikono?"

Nilistahili. Nilimwambia nilistahili. Nilimwomba radhi kwa niaba ya Riziki, akasema radhi ya mtoto inaombwa na mtoto. Riziki akaja mwenyewe, macho chini, akaomba. Sijui wasichana walisemezana nini nyuma ya nyumba, na si haki yangu kujua. Kisha Mirindi akanihoji kama hakimu: jina la Babu, upande gani wa msitu, nani alimzika nani, mama yako aliujua udongo kwa namna gani. Nilipomwambia uliuonja kwa ncha ya ulimi ukasema moto hauwezi kuupasua, aliweka panga chini.

"Nitasema," akasema. "Lakini siongee Kiswahili yako ya mu kitabu. Nitasema vile nasemaka."

Shahidi wa pili nilidhani hatapatikana, kwani nani aliyekujua ilhali ulijificha kwa wote? Nikaenda kwa Mama Nsimire kumwomba aseme tu kwamba ulikuwa jirani mwema. Alikuwa anapepeta maharage. Alinisikiliza hadi nikamaliza sentensi zangu zote ndefu.

"Umemaliza?" akauliza. "Mimi nilijua tangu juma ya kwanza. Mushi gani anakinga mikono kwa Mushi mwenzake? Nilikuwa ninamupa kikombe kila siku, kila siku, nikisema labda leo atashika. Miaka tisa. Hakushika." Akageuza ungo, akapangusa macho kwa nyuma ya mkono. "Mama yako alikuwa na kichwa nguvu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ilikuwa siri yake. Ningekuambia wewe juu ya nini, weye hata sirini ungeleta kamusi."

Mama, alijua. Muda wote ule ulipokuwa ukiogopa Mushi wa kweli asikugundue, Mushi wa kweli alikuwa amekwisha kukugundua na alikuwa akikusogezea kikombe.

Mwezi uliopita tuliitwa kwenye uhakiki. Chini ya hema kubwa walikaa watu wa zoni nzima. Utaratibu ulitaka kila sahihisho lisomwe hadharani, ili mwenye pingamizi aseme. Mirindi alitoa ushahidi kwa Kiswahili cha kwake, Mama Nsimire akatoa wake, mfupi kama kofi. Ofisa alikuna kidevu, akaniambia kompyuta yake bado haijajifunza Mutwa wa Kongo, ila kuna nafasi ya maelezo chini ya fomu, na kwamba atatuandika kwa mkono na kugonga muhuri hadi itakapojifunza. Suala la kughushi limefutwa. Kisha mkalimani akashika kipaza sauti, akasoma jina lako kamili, Mama, na baada yake: "Ilikuwa Mushi. Inasahihishwa: Mutwa, wa Kongo. Mwenye familia asimame."

Minong'ono ilipita kama upepo kwenye migomba. Mtu nyuma akasema, "Kumbe! Na Kiswahili yote ile!" Watu wakacheka. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya siku hiyo, sentensi nne, zimepangwa vizuri. Riziki alisimama kabla yangu. Alisimama peke yake, mikono imelala ubavuni, akimtazama yule aliyecheka mpaka akanyamaza. Ndipo nami nikainuka.

"Kuna pingamizi?" mkalimani akauliza.

Hapakuwa na pingamizi. Lakini upande wa kushoto mama mmoja mzee, ambaye kwa miaka yote nimemjua kama Muhavu, alijiinua kwa fimbo yake polepole.

"Mi sina pingamizi," alisema. "Nauliza tu. Fishi yangu, hii karatasi, nayo iko na kosa. Banasahihisha wapi?"

Mkalimani akaninyooshea kidole.

Kwa hiyo niwie radhi, Mama, siwezi kurefusha. Mama yule ameketi hapa mbele yangu, na nje ya mlango wamesimama wengine wawili ambao hawajataka bado kutaja majina yao. Nitawaandikia wote, na neno lile baya halitaonekana popote. Pumzika. Palipoandikwa kwamba ulikuwa mtu mwingine, pamefutwa kwa muhuri na saini.

Nakuaga kwa unyenyekevu na upendo usiopungua,

Mwanao wa kwanza,
Mutwa wa Kongo, mkazi wa Juru